Tuwatembeze Watoto Wetu Kwao

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Itetemia, Tabora

  

Leo hatukuja kuzungumza habari za mbolea wala habari za choo bora. Hayo tumeyazungumza, na tutayazungumza tena. Leo tunataka kuzungumza habari za watoto wetu na mahali wanapoishi. Swali letu ni moja tu: Je, mtoto wa Itetemia anapajua kwao?

Mtatujibu, "Anapajua sana! Anachunga huko, anateka maji huko, anaokota kuni huko." Ni kweli. Njia zote anazijua. Lakini kuijua njia ni jambo moja, na kujua ni nani waliopita katika njia hiyo ni jambo jingine.

Hebu mwulizeni mtoto wa darasa la tano, ni nani waliokaa pale Kwihara zamani? Atajibu upesi: Livingstone na Stanley. Vizuri, amepata. Sasa mwulizeni, mizigo ya Wazungu wale ilibebwa na nani? Hapo wengi watatazama chini. Mwulizeni, Mtemi Isike alikufa namna gani? Mwulizeni, hapa Itetemia palikuwa nini? Wachache watajibu. Wengi watanyamaza.

Kosa si la mtoto. Mtoto anajua yale aliyoambiwa. Wageni waliandika habari zao vitabuni, ndiyo maana majina yao yapo mpaka leo. Babu zetu hawakuandika. Wao walisimulia. Masimulizi nayo yanataka mtu wa kusimulia na mtu wa kusikiliza. Siku hizi jioni mtoto ana masomo ya ziada, au ana simu, au amechoka. Babu naye anakaa peke yake barazani. Kwa hiyo habari za wageni zinabaki, na habari za wenyeji zinazikwa pamoja na wazee.

Ndiyo sababu tumekuja kwenu ninyi. Ninyi mnajua kusoma na kuandika, na bado mnakaa karibu na wazee. Tangu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika, shuleni kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ni jambo jema. Lakini mwalimu ana kitabu cha nchi nzima. Kitabu hicho hakiwezi kueleza mwembe ulioko nyuma ya nyumba yako. Kazi hiyo ni yetu sisi wazazi.

TUANZE JIKONI

Tusianze na vita wala na wafalme. Tuanze na chakula. Mtoto hujifunza upesi jambo analoweza kulishika mkononi.

Mwonyesheni mtoto matobolwa. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwakatwa, vikaanikwa mpaka vikakauka. Wazee husimulia kwamba jina la Tabora limetokana na chakula hiki. Mwambieni mtoto kwa nini kilikuwa muhimu. Hakiozi upesi, ni chepesi kubeba, na msafiri akikitafuna njiani anashiba. Hapa palikuwa njia panda ya misafara, na msafiri alihitaji chakula cha namna hiyo.

Kisha mwonyesheni chumvi. Leo tunainunua dukani katika pakiti. Zamani chumvi ilitoka Uvinza, upande wa magharibi, ambako maji ya chumvi huchotwa na kuchemshwa mpaka chumvi inabaki. Mwonyesheni na jembe. Kabla ya majembe ya viwandani, kulikuwa na wahunzi waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto. Wasumbwa na Warongo, kaskazini yetu, walisifika kwa kazi hiyo. Wanyamwezi walichukua majembe na chumvi, wakauza huku na huku. Walifika mpaka Katanga kufuata shaba. Mmoja wao, Msiri, alikaa hukohuko Katanga akawa mtawala mkubwa, mpaka alipouawa mwaka 1891.

Mnaona, ndugu? Mtoto anajifunza kwamba watu wa huku walikuwa wafanyabiashara na mafundi kabla mgeni yeyote hajafika na daftari lake. Hilo ndilo somo la kwanza. Halihitaji fedha, linahitaji kiazi kikavu na jembe.

HAPA PALIKUWA IKULU

Somo la pili ni hapa hapa tulipokaa. Kila siku redioni watoto wanasikia neno "Ikulu". Wanajua Ikulu ni makao ya Rais. Mwambieni mtoto kwamba neno hilo ni la kwetu. Katika Kinyamwezi ikulu ni makao ya mtemi. Itetemia ni makao ya kale ya watemi wa Unyanyembe. Neno walilolitumia babu zetu hapa sasa linatumika Tanzania nzima. Mtoto akilijua hilo, hata akisikia taarifa ya habari, atainua kichwa.

Baadhi ya watemi tunawajua kwa majina. Alikuwapo Mtemi Fundikira wa kwanza, aliyefariki mwaka 1858. Baada yake alitawala Mnywa Sele. Yeye alitaka wafanyabiashara waliotoka pwani walipe kodi kwa bidhaa zao. Wenyewe hawakutaka. Wakapigana naye, wakamwondoa, wakamsaidia Mkasiwa kushika utemi. Mnywa Sele alipigana vita vya kuviziana kwa miaka mingi, mpaka akauawa mwaka 1865. Hebu fikirini: ugomvi ule ulikuwa juu ya nani ana haki ya kutoza ushuru katika nchi hii. Jambo hilo mtoto anaweza kulielewa, maana hata leo ushuru wa soko tunaujua.

Baada ya Mkasiwa alitawala Isike. Wakati huo Wajerumani walikuja kuishika nchi. Isike alikuwa na ngome imara yenye kuta nene. Mwaka 1892 Wajerumani walimshambulia, wakashindwa kuiteka. Januari 1893 walirudi wakiongozwa na Tom von Prince, wakafaulu kuingia. Isike alipoona maadui wamo ndani, aliwasha ghala lake la baruti. Hakutaka kukamatwa. Baadaye Wajerumani waliweka utawala wa Nyaso, ambaye alikuwa mwanamke. Wasichana wetu walisikie hilo nao: nchi hii imewahi kuwa na mtemi mwanamke.

Utawala wa watemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Lakini wa mwisho waliotawala hawakupotea hivi hivi. Mtemi Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa mmoja wa mawaziri wa kwanza wa nchi yetu ilipopata uhuru. Alifariki mwaka 2007. Kwa hiyo mtoto asidhani kwamba mambo ya watemi ni hadithi za sungura na fisi. Ni mambo ya juzi. Wapo hapa kati yenu waliomwona mtemi yule kwa macho.

NJIA KUU NA WALIOPITA

Sasa tutoke Itetemia twende njiani. Njia kuu ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Njia nyingine zilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Kutoka pwani mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800. Mwaka 1857 Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kufika hapa. Walifika Novemba. Wao walipaita Kaze. Kutoka hapa, mwaka 1858, Speke alikwenda kaskazini akaliona Ziwa Victoria. Vitabu vya zamani vinasema aliligundua. Mwelezeni mtoto kwamba Speke aliambiwa habari za ziwa na watu waliolijua, na alipelekwa na watu walioijua njia.

Watu waliotembeza nchi hii walikuwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani, na juu yake akaweka mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Wengi waliondoka baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, wakajitahidi kurudi mvua zikianza ili walime. Wengine walifuatana na wake zao na watoto. Mbele alitangulia kirangozi, ndiye kiongozi wa msafara, na ngoma ililia. Msafara ulipoingia katika nchi ya mtawala fulani ulilipa hongo. Zamani hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru wa kupita. Mwambieni mtoto, atacheka, lakini hatasahau.

Walibeba nini? Kwenda pwani walibeba pembe za ndovu. Pembe hizo zilivushwa bahari, na Ulaya na Marekani watu walizitumia kutengenezea vitufe vya piano na mipira ya mchezo wa biliadi. Kurudi walibeba shanga, baruti, waya na nguo. Nguo moja iliitwa merikani, kwa sababu ilifumwa Marekani. Basi mtoto wa Itetemia akiuliza, "Marekani inatuhusu nini?" mwambieni: Babu ya babu yako alivaa nguo ya huko na kuilipia kwa jasho la kichwa chake.

Twende nao Kwihara, si mbali na hapa. Kule liko tembe ambalo sasa ni makumbusho. Stanley na Livingstone walifika hapo mwaka 1872. Stanley akaondoka Machi. Livingstone akabaki akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumletea kutoka pwani. Walifika Agosti, naye akaondoka nao mwezi huohuo. Mwaka 1873 alifariki mbali, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Hapa ndipo tunapotaka mtoto afungue masikio. Susi na Chuma pamoja na wenzao waliukausha mwili wa Livingstone, wakaufunga vizuri, wakaubeba kwa miguu kurudi pwani. Oktoba 1873 walipita hapa Kwihara. Afisa mmoja Mwingereza, jina lake Cameron, aliwakuta hapa akawashauri wamzike papa hapa. Wakakataa. Wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Aprili mwaka huohuo Livingstone alizikwa London.

Ndugu, kazi ile ilifanywa na Waafrika kwa uamuzi wao wenyewe. Hakukuwa na Mzungu wa kuwaamuru. Mwalimu akiwapeleka watoto Kwihara, au ninyi mkiwapeleka, msiishie kusema, "Hapa alikaa Livingstone." Semeni pia, "Hapa walipita Susi na Chuma."

JAMBO GUMU LISIFICHWE

Sasa tunafika mahali pagumu. Tungeweza kuparuka, lakini haifai.

Katika njia hiyohiyo walipita watumwa. Walitekwa Manyema na sehemu nyingine za magharibi, wakaletwa wakiwa wamefungwa. Wengine walipelekwa pwani na Unguja. Wengine waliishia hapahapa Tabora, wakilima mashamba ya matajiri wa biashara, maana mji ulihitaji chakula kingi. Waliouza na kununua walikuwa wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani, lakini hata baadhi ya watawala na watu wa huku bara walishiriki. Sultani wa Zanzibar alilifunga soko la watumwa mwaka 1873, na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa kutoka bara. Lakini utumwa wenyewe haukwisha siku hiyo. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilitolewa mwaka 1922.

Mwaka 1922! Hesabuni. Ni kama miaka mia moja tu. Maana yake ni kwamba katika darasa moja hapa Tabora anaweza kukaa kitukuu cha mtu aliyeuzwa, na dawati la pili akakaa kitukuu cha mtu aliyemwuza. Pengine wanagawana kalamu. Pengine wote wawili hawajui.

Wazazi wengine wanatuambia, "Tuliache jambo hili, tusifukue makaburi. Litaleta matusi." Woga huo tunauelewa. Tumesikia watu wazima wakigombana kisimani, mmoja akamtukana mwenzake kwamba bibi yake aliletwa na kamba. Basi angalieni: tusi hilo lipo ingawa hatufundishi. Tukinyamaza, watoto watajifunza historia ya utumwa kisimani, kwa matusi. Afadhali wajifunze kutoka kwetu, kwa adabu.

Tufundisheje? Tunashauri mambo matatu.

La kwanza, tusimtaje mtoto wala ukoo wake. Usimwambie mtoto mbele ya wenzake, "Ninyi ndio mlioletwa," au, "Ninyi ndio mliouza." Sema habari za biashara ile jinsi ilivyokuwa, wala usinyooshe kidole.

La pili, tumwambie mtoto aibu ni ya nani. Aliyetekwa hana aibu yoyote. Alinyang'anywa nyumba, jina na watu wake, akaishi. Akalima, akajenga, akazaa, na uzao wake ni raia wa Tanzania kama wengine wote. Na mtoto wa aliyeuza naye hana hatia, maana hatia hairithiwi kama shamba. Kinachorithiwa ni wajibu wa kutorudia.

La tatu, tuzungumze habari za leo. Mtoto wa mtu akichukuliwa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa mjini, kisha akafanyishwa kazi usiku na mchana bila mshahara, hilo ni jambo gani? Mtoto aliyefundishwa habari za njia ya watumwa atalitambua jambo hilo mapema. Hiyo ndiyo faida ya historia. Inatupa macho.

RELI ILIPOFIKA

Somo linalofuata ni stesheni. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Waliochimba na kutandika walikuwa wananchi, na Wanyamwezi wengi walikuwamo. Reli ilipokwisha, kazi ya upagazi nayo ilikwisha. Mzigo uliokuwa unataka watu mia sasa ulipakiwa katika behewa moja. Chini ya Waingereza tawi la kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Tabora ikawa njia panda tena, safari hii ya chuma. Mpaka leo Chuo cha Reli kipo hapa.

Wapelekeni watoto stesheni treni inapoingia. Waonyesheni njia inayokwenda Kigoma na ile inayokwenda Mwanza. Waambieni kwamba treni ya umeme ilianza kuchukua abiria Dar es Salaam mpaka Dodoma mwaka 2024, na reli hiyo mpya inajengwa kuja huku kwetu. Watoto hawa ndio watakaoifanyia kazi. Njia ni ileile ya wapagazi, ila vyombo vinabadilika.

Liko na jambo la vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walihamishia makao yao ya serikali hapa Tabora. Mwaka 1916, walipokosa fedha, walitengeneza sarafu hapahapa, hata sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji likaingia mjini. Askari wake wengi walikuwa Wakongo.

Tena tusisahau shule na siasa. Mwalimu Nyerere alianza kusoma hapa Tabora mwaka 1937, na katika miaka ya 1940 alifundisha hapa katika Shule ya Mtakatifu Maria. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wajumbe wengi walikasirika, wakataka kususia. Baada ya kujadiliana waliamua kuingia katika uchaguzi. Uamuzi huo ndio unaoitwa Uamuzi wa Busara. TANU ikashinda, na tarehe 9 Desemba 1961 tukapata uhuru. Uhuru ule ulipita Tabora kwanza, ndugu.

MSITU, NYUKI NA TUMBAKU

Somo la mwisho ni msitu. Huo ndio mama wa mkoa huu. Tabora ni nchi ya miombo. Asali na nta yetu vinajulikana mbali, na Chuo cha Nyuki kipo hapa mjini. Mtoto aonyeshwe mtundu, mninga na myombo. Aambiwe maua gani yanaleta nyuki. Aonyeshwe mzinga wa gome unavyotengenezwa, na aambiwe kwamba mti uliomenywa gome zima hufa. Kwa hiyo leo tunahimizwa kutumia mizinga ya mbao. Hapo amejifunza ufundi wa zamani na sababu ya kuubadilisha.

Kisha tumbaku. Urambo, Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947. Walileta matrekta mengi, lakini hawakuijua mvua wala udongo wa huku. Kufika mwaka 1951 mradi ulikuwa umeshindwa. Baadaye Urambo ikawa nchi ya tumbaku. Tumbaku imeleta fedha, imejenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini ile ya mvuke hukaushwa mabanini kwa moto wa kuni, na kuni zinatoka katika msitu uleule wa nyuki. Mkaa wa mjini nao unatoka humohumo. Mtoto aone mambo yote mawili, fedha na kisiki. Asipoujua mti kwa jina, ataukata kama kuni tu.

TUFANYEJE BASI?

Ndugu wahitimu, kazi yenyewe si ngumu. Tunapendekeza hivi:

1. Nunueni daftari moja la kikundi. Juu yake andikeni "Habari za Itetemia". Litunzwe na mtu mmoja mwaminifu, lakini ni mali ya wote.

2. Nendeni kwa wazee, wawili wawili. Mmoja aulize, mmoja aandike. Andikeni jina la msimuliaji na tarehe, kwa ruhusa yake. Mzee akisema jambo ambalo hataki lisambae, liheshimiwe.

3. Jambo moja mwulizeni zaidi ya mzee mmoja. Wakitofautiana, andikeni yote mawili. Msiwagombanishe.

4. Waulizeni akina bibi pia. Habari za chakula, dawa, uzazi na nyimbo ziko kwao. Wanawake nao walitembea katika misafara.

5. Mara moja kwa mwezi, kikundi kiwatembeze watoto mahali pamoja. Leo ikulu ya Itetemia, mwezi ujao Kwihara, mwezi mwingine stesheni au msituni. Ombeni ruhusa kwa wenye mahali, na mwalimu wa shule ajulishwe. Mkifika, mtu mmoja asome katika daftari, kisha mzee asimulie.

6. Mkirudi, watoto wachore ramani chini kwa kijiti. Waonyeshe njia, kisima, reli na miembe ya zamani. Anayejua kuandika aandike majina.

7. Kila mtoto aulize swali moja nyumbani: "Sisi tulifikaje hapa?" Jibu liwe lake. Asilazimishwe kulisema mbele ya watu.

Mtu mmoja anaweza kusema, "Mimi nimejifunza kuandika jina langu na barua tu. Nitaandikaje historia?" Jibu ni hili. Anayeweza kuandika barua anaweza kuandika, "Bibi alisema kisima hiki kilichimbwa na watu fulani, mwaka wa njaa." Sentensi hiyo moja ni historia. Sentensi mia moja za namna hiyo ni kitabu ambacho hakuna mgeni anayeweza kukiandika.

Watoto wetu wengi wataondoka. Watakwenda Mwanza, Dar es Salaam, wengine mbali zaidi, kama babu zao walivyokwenda pwani. Hatuwezi kuwazuia, na hatutaki kuwazuia. Lakini mpagazi aliondoka akijua alikotoka, ndiyo maana mvua zikianza alirudi kulima. Tuwape watoto wetu mzigo huo nao. Hauna uzito, na hakuna wa kuwanyang'anya njiani.

Tunaomba daftari lianze wiki hii, wakati wazee wapo.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni mahali gani pa zamani hapa kijijini ambapo watoto hupita bila kupajua?

2. Neno "hongo" lilikuwa na maana gani zamani? Tajeni maneno mengine ambayo maana yake imebadilika.

3. Je, tuwaambie watoto habari za utumwa? Wakiwa na umri gani, na kwa maneno gani?

4. Tumbaku na asali vyote vinategemea msitu. Kijiji chetu kifanye nini ili tusipoteze kimoja kwa ajili ya kingine?

5. Ni mzee gani tutakayemtembelea kwanza, na ni nani atakayeandika?